Jinsi ya kutafuta x bila "kuvusha" namba

Wengi tulifundishwa kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hubadilika: chanya huwa hasi, hasi huwa chanya. Mimi niliacha kufundisha hivyo kwa sababu ya kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi mno: 3x = 12, kwa hiyo x = 12 − 3 = 9. Tatu imevuka, imebadilika, na mwanafunzi anaamini ametii kanuni. Kumbe hiyo 3 haikujumlishwa na x, imezidishwa.

Kanuni ninayoitumia ni moja tu: unachokifanya upande huu, kifanye na upande ule. Tuijaribu kwa 5x − 7 = 2x + 11.

Hatua ya 1. Kusanya x upande mmoja. Toa 2x pande zote mbili: 3x − 7 = 11. Ungeweza kutoa 5x, si kosa, ila ungebaki na −3x na kubeba hasi hadi mwisho. Za nini?

Hatua ya 2. Jumlisha 7 pande zote mbili: 3x = 18. Kitendo hiki cha kurudisha kilichopunguzwa ndicho al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, alichokiita al-jabr. Neno aljebra limetoka hapo.

Hatua ya 3. Gawanya kwa 3: x = 6.

Hatua ya 4. Hakiki, tena kwenye mlinganyo wa mwanzo kabisa, maana mstari wa katikati huenda tayari una kosa. Kushoto: 30 − 7 = 23. Kulia: 12 + 11 = 23. Sawa.

Kukiwa na mabano, yafungue kwanza. Hapa pana mtego: 4 − 3(x − 2) = 1. Mwenye haraka huandika 4 − 3x − 6 = 1, akapata x = −1. Akihakiki, kushoto anapata 4 − 3(−3), yaani 13, wala si 1. Ile hasi iliyo mbele ya 3 inazidisha kila kilichomo ndani, na −3 mara −2 ni +6. Kwa hiyo 10 − 3x = 1, −3x = −9, x = 3.

Sehemu nazo ziondoe mapema. Kwa x/3 + x/4 = 14, KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 3 na 4 ni 12. Zidisha kila kitu kwa 12, hata ile 14 ambayo wengi huisahau: 4x + 3x = 168, basi x = 24.

Mara chache x itatoweka yenyewe. Katika 2x + 3 = 2x + 8, ukitoa 2x unabaki na 3 = 8. Usihangaike kutafuta ulipokosea: mlinganyo huo hauna jibu. Ukibaki na kitu kama 3 = 3, kila namba ni jibu.