Kufunga Indiketa na Taa za Mchana za LED kwenye Pikipiki

Kabla ya kukata waya wowote, fungua waya wa hasi wa betri, kisha utafute waya wa kila indiketa kwa kufuata njia yake, kwa kuwa rangi za nyaya hutofautiana kati ya aina moja ya pikipiki na nyingine. Taa za mchana ziunganishwe na waya unaopata umeme ufunguo unapowashwa tu, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 2 au 3.

Kazi yenyewe iko kwenye indiketa. Balbu ya kawaida ya wati 10 katika volti 12 hutumia takriban ampea 0.8, ilhali ya LED hutumia sehemu ndogo tu ya umeme huo, hivyo flasha ya zamani (kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) hupepesa haraka mno au hukwama. Wapo mafundi wanaoongeza rezista (kipingamizi cha umeme), lakini hupata moto mkali. Afadhali flasha ya kielektroniki isiyotegemea kiasi cha umeme kinachotumiwa na balbu.

Iwapo dashibodi ina taa moja tu ya indiketa, zote nne zinaweza kupepesa pamoja, kwa sababu umeme wa upande mmoja hupitia taa hiyo hadi upande wa pili. Weka dayodi (kifaa kinachopitisha umeme kuelekea upande mmoja tu) kwenye kila mmoja wa nyaya zake mbili, ziungane upande mmoja wa taa, na upande wake mwingine uende kwenye hasi.

Mwisho, geuza usukani kushoto na kulia ukihakikisha kwamba hakuna waya unaovutwa.