Jinsi ya Kujiandaa kwa Shauri la Talaka na Malezi ya Mtoto

Ndoa inapovunjika, mambo manne hujitokeza kwa pamoja: kuvunjwa kwa ndoa yenyewe, mtoto ataishi na nani, matunzo yake yatalipwa na nani, na mali itagawanywa vipi. Katika mazungumzo ya nyumbani mambo haya huchanganywa, lakini mahakama huyapima kila moja kwa kipimo chake, na mzazi anayeyachanganya hujiumiza mwenyewe. Wengi huingia na uchungu wa usaliti, wakatumia muda wao wote kueleza jinsi mwenzao alivyokuwa mume mbaya au mke mbaya, ilhali hakimu anayeamua kuhusu mtoto anataka kujua ni nani humwamsha asubuhi, nani huhudhuria vikao vya shule, na nani anajua ni dawa gani zinamdhuru. Mtu anaweza kuwa amemkosea sana mwenzake na bado akawa mzazi mwema, na kwa kawaida mahakama itamtazama hivyo.

Kipimo kinachotumika kuhusu mtoto ni maslahi yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeliweka jambo hili katika ibara ya 3. Ibara ya 9 inampa mtoto aliyetengana na mzazi haki ya kuendelea kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo kuonana huko kunamdhuru; na ibara ya 12 inataka maoni ya mtoto yasikilizwe na kupewa uzito kulingana na umri na upevu wake. Haki ya kuonana imetajwa hapo kuwa ni ya mtoto. Mzazi akilishika hilo, madai yake hubadilika sura: badala ya kusema “nina haki naye,” ataeleza maisha ambayo mtoto ataishi akiwa kwake.

Maandalizi yaanze kabla ya kufungua shauri. Mahakama nyingi husita kuvuruga mazingira ambayo mtoto ameyazoea na anastawi ndani yake, hivyo mzazi anayeondoka nyumbani na kumwacha mtoto miezi mingi bila mpango wowote wa kuonana naye huenda akajikuta anaomba mabadiliko badala ya kuendeleza hali iliyopo. Kumchukua mtoto kwa siri nako huonekana vibaya. Njia iliyo salama ni kuomba amri ya muda, ambayo huainisha mtoto atakaa wapi na nani atalipa nini hadi hukumu itakapotolewa.

Palipo na kipigo au vitisho, utaratibu huo wa subira haufai. Usalama utangulie: ondoka pamoja na mtoto ukiweza, toa taarifa polisi, nenda hospitali hata kama jeraha ni dogo ili daktari aliandike, kisha omba amri ya zuio, yaani ya kumkataza mwenzako kukudhuru au kukukaribia, mapema iwezekanavyo. Ukiitwa kwenye usuluhishi, eleza historia hiyo waziwazi tangu mwanzo, kwa sababu mtu anayemwogopa mwenzake hawezi kupatana naye kwa uhuru.

Ushahidi wenye nguvu mara nyingi ni wa kawaida kabisa. Weka daftari na uandike tukio siku ileile, kwa maneno makavu: “Jumanne, mtoto alirudishwa saa 3 usiku badala ya saa 12 jioni. Alikuwa na homa. Nilimpeleka kliniki asubuhi, risiti ipo.” Maandishi kama hayo yana uzito kuliko kurasa nyingi za kumwita mwenzako mzembe, kwa kuwa yanaweza kulinganishwa na risiti, ujumbe wa simu na kumbukumbu za shule. Ujumbe uhifadhi wote, pamoja na ule usiokupendeza. Ukiwasilisha sehemu tu, upande wa pili utaleta sehemu iliyobaki, na hapo uaminifu wako utakuwa umetiliwa shaka. Kabla ya kutuma ujumbe wowote, fikiria ukisomwa kwa sauti mbele ya hakimu.

Kusanya pia cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, taarifa za benki, hati za mali, mikataba ya mikopo na uthibitisho wa kipato. Madeni nayo huhesabiwa, jambo ambalo wengi hulisahau. Usihamishe wala kuuza mali kwa siri shauri likikaribia, kwani mahakama inaweza kubatilisha uhamisho huo, na kiapo cha uongo kuhusu mali huharibu hata hoja zako za kweli.

Matunzo na kuonana na mtoto ni mambo mawili yasiyotegemeana. Mzazi asiyelipiwa matunzo hana ruhusa ya kumzuia mwenzake kumwona mtoto kinyume cha amri, na anayenyimwa kumwona mtoto hana ruhusa ya kuacha kulipa. Anayevunja amri kwa kisingizio cha kosa la mwenzake hujiweka katika hatari ya kuadhibiwa kwa kudharau mahakama. Dawa ni kurudi mahakamani kuomba amri ikazwe, yaani itekelezwe kwa nguvu ya sheria. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, maana fedha taslimu zisizo na risiti ni vigumu kuzithibitisha.

Mkipatana, andikeni kwa usahihi. Maneno “baba atamwona mtoto mara kwa mara” yamezaa ugomvi mwingi. Andikeni siku, saa, mahali pa kumkabidhi, nani atagharimia usafiri, likizo zitagawanywa vipi, nani ataidhinisha matibabu au kubadili shule, na mtafanyaje mmoja wenu akiumwa. Kisha ombeni mahakama iyaingize mapatano hayo katika amri, ili yaweze kutekelezwa kisheria.

Mtoto asifundishwe la kusema. Maofisa wa ustawi wa jamii wanaohoji watoto huyatambua maneno ya mtu mzima yanapotoka kinywani mwa mtoto wa miaka 7, na mzigo huo wa kuchagua kati ya wazazi humwumiza zaidi yeye. Asitumwe kupeleka ujumbe, wala asionyeshwe nyaraka za shauri.

Anayetaka kusafiri na mtoto nje ya nchi apate kwanza ridhaa ya maandishi ya mzazi mwenzake au kibali cha mahakama. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980, kati ya nchi zilizojiunga nao, unahusu watoto walio chini ya miaka 16 waliohamishwa isivyo halali kutoka nchi moja hadi nyingine. Maombi yakifunguliwa kabla ya mwaka mmoja kupita tangu mtoto ahamishwe, kanuni ni mtoto arudishwe, isipokuwa kwa sababu chache kama vile hatari kubwa inayomkabili. Amri ya kumrudisha haiamui atalelewa na nani. Suala hilo huachiwa mahakama za nchi alikokuwa akiishi. Mzazi anayehofia mtoto atapelekwa nje aombe mapema amri ya kuzuia safari na ya kuhifadhi pasipoti ya mtoto.

Amri ya malezi inaweza kubadilishwa hali ikibadilika kwa kiasi kikubwa: mzazi akihama, kipato kikiporomoka, au mtoto akikua na mahitaji yake yakawa mengine. Maombi hayo yafunguliwe mara badiliko linapotokea, kwa sababu malimbikizo ya matunzo huendelea kuhesabiwa kwa amri ya zamani, na huenda mahakama isikubali kuyafuta.