Sproketi ya bodaboda: piga hesabu kabla ya kununua

Pikipiki ikichoka mlimani, ushauri wa kijiweni ni mmoja: "Weka sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) kubwa nyuma." Mara nyingi kupunguza jino moja tu la mbele kunatosha, na bei yake ni ndogo zaidi.

1. Hesabu meno. Tia chaki jino la kuanzia, vinginevyo utazunguka usijue umeishia wapi. Ya mbele fungua kava lake.

2. Gawanya meno ya nyuma kwa ya mbele. Tuseme nyuma 42, mbele 15: unapata 2.8, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara 2.8 ili tairi lizunguke mara moja. Namba ikipanda, nguvu ya kuvuta inaongezeka na mbio zinapungua.

3. Linganisha. Hapa ndipo penye pesa. Ukiweka 14 mbele, 42 kwa 14 ni 3.0. Ukibakiza 15 mbele na kuweka 45 nyuma, napo ni 3.0! Jino moja la mbele limefanya kazi ya matatu ya nyuma. Gharama yake ni mbio: injini iliyokupa kilomita 70 kwa saa sasa, kwa mzunguko ule ule, itakupa kama 65. Ukibadilisha zote mbili, 14 na 45, unafika 3.2, na barabara ya tambarare injini italia bure.

Usishuke sana mbele, lakini. Sproketi ndogo inaukunja mnyororo zaidi, nao unaisha mapema.

4. Tazama njia zako. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini ya kabureta imeshapoteza sehemu ya nguvu hata kabla hujapakia. Anayebeba viazi kwenye milima ya Isyonje, au anayepanda mlima wa Iwambi na abiria wawili (najua, hairuhusiwi), 3.0 itamfaa. Wa Ubaruku, kwenye mpunga na tambarare, aache 2.8 yake.

5. Funga. Ukipunguza meno mbele mnyororo unalegea, rudisha tairi nyuma kidogo, pande zote mbili sawa. Ukiongeza nyuma, huenda mnyororo ukawa mfupi. Kama mnyororo umeshachakaa, badilisha vyote pamoja, maana mnyororo wa zamani unakula meno mapya.

6. Jaribu kwenye mlima ule ule, mzigo ule ule, uangalie unashusha gia wapi. Waya wa spidomita ukitoka tairi la mbele, mshale bado unasema kweli. Ukitoka kwenye gia boksi, utakuonyesha mbio usizokuwa nazo.