Risasi iko kwa vumbi, anza na sakafu

Ami yangu huyeyusha betri kuukuu za gari kwa sufuria apate risasi, ile metali nzito yenye sumu (lead), atengeneze chubwi za mshipi wa kuvulia samaki, na mpaka juzi alikua anafanyia hapo hapo uani watoto wakicheza. Nikimwambia anacheka, eti nimeanza ujanani na niko mzima. Ndo shida ya risasi hiyo, haikuumi siku ile ile.

Sasa kama unakaa karibu na machimbo yalioachwa, ama kiwanda cha kuyeyusha betri kama kile kilichofungwa Owino Uhuru, Mombasa, 2014, usidhani kufungwa ndo kuisha. Kabwe huko Zambia mgodi ulifungwa 1994 na watoto bado wanapimwa damu wanakutwa na risasi, kwa sababu haiozi, inakaa tu kwa mchanga, mtoto anatambaa, anatia kidole mdomoni, basi. Na mwili wake unafyonza mara nne au tano kuliko wako.

Kwa hivyo cha kwanza weka kando fagio la chelewa, linarusha vumbi tu. Deki kwa tambara bichi, maji yakichafuka badilisha, na yasimwagwe pale watoto wanachezea. Viatu vibaki nje. Anayefanya kazi hiyo aoge na abadilishe nguo kabla hajambeba mtoto, na nguo zake zifuliwe mbali na nepi. Mikono sabuni kabla ya kula. Kuchemsha maji hakutoi risasi jamani, maji yanapungua, risasi inabaki.

Mlishe vizuri pia, tumbo tupu linafyonza zaidi, maziwa, dagaa, mchicha, kunde. Na wanja wa kumpaka mtoto, nyanya watanitukana, lakini wanja mwingine ni lile jiwe la risasi la migodini limesagwa, achana nao.

Usingoje dalili. Tumbo kukata, choo kigumu, hasira, kusahau masomo, zote zaweza kua kitu kingine na wengi hawaonyeshi chochote. Ulizia kipimo cha risasi kwa damu, wakitoboa kidole kioshwe kwanza na sabuni maana vumbi la kidole linaharibu majibu. Ikifika 5 maikrogramu kwa desilita tafuta inatoka wapi uiondoe, mtoto akifika 45 huyo ni wa hospitali na dawa. Mja mzito apime pia, inapita mpaka kwa mtoto tumboni.

Ami nimemwambia jiwe likifungwa kwa mshipi linazama vilevile.