Kuvuta tela la maji kwa pikapu bila kuhatarisha watu

Mwongozo huu ni wa anayepeleka maji shambani, Hombolo, Mpunguzi au Mvumi mkoani Dodoma, kwa pikapu ya tani moja. Mizigo mingine hufuata kanuni hizihizi, ila maji yana vituko vyake.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kilo

Lita moja ya maji ni kilo moja. Simtanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, bado hujahesabu chuma cha tela. Fungua kitabu cha gari, tafuta viwango viwili: uzito wa tela lenye breki zake, na wa lisilo na breki. Pikapu nyingi za tani moja zimewekewa kilo 750 kwa tela lisilo na breki, hata kama injini inamudu kuvuta zaidi ya tani mbili. Tela la kuchomelea mtaani mara nyingi halina breki. Kama tupu lina kilo 250, umebakiwa na kilo 500 za maji pamoja na vyombo vyake. Unayetaka lita 1,000 kwa safari moja, funga ekseli yenye breki. La sivyo, nenda safari tatu.

Hatua ya 2: Panga mzigo

Hapa ndipo matela mengi huharibikia. Mdomo wa tela, yaani ncha ya mbele inayoungwa na pikapu, unapaswa kuilalia pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo. Kwa kilo 750, hiyo ni kilo 75 hadi 112. Mdomo ukiwa mwepesi, tela huanza kutikisa mkia barabarani. Ukizidi uzito, nyuma ya pikapu hulala, matairi ya mbele hupoteza mshiko, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu ya miti.

Usikisie, pima. Simamisha tela lililopakiwa mahali tambarare, kinga magurudumu kwa mawe, kisha laza mdomo juu ya mzani wa kupimia watu uliopandishwa kwa matofali hadi kimo cha pikapu. Mzani ukiwa mdogo, tumia ubao mgumu: ncha moja juu ya mzani, nyingine juu ya tofali, sentimita 90 kati ya egemeo na egemeo. Laza mdomo sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mzani ukisoma 35, zidisha kwa tatu: kilo 105. Ikipungua sogeza mzigo mbele, ikizidi rudisha nyuma.

Tanki nusu ndilo baya kuliko lote. Ukikanyaga breki maji yanakimbilia mbele, ukikata kona yanalala upande, na kipimo chako hakina maana tena. Safiri na tanki lililojaa au tupu. Kwa tela dogo, madumu 23 ya lita 20 ni bora: hizo ni lita 460, hazichezi, na unaweza kuhamisha dumu mojamoja mpaka mzani ukubali. Yafunge kwa kamba au mikanda.

Hatua ya 3: Unganisha

Soma namba juu ya kichwa cha chuma cha mviringo kilicho nyuma ya pikapu. Mara nyingi ni milimita 50. Mdomo wa tela uwe wa kipimo hichohicho. Kichwa kidogo ndani ya mdomo mkubwa huonekana kimekaa, kisha huchomoka kwenye tuta la kwanza. Funga kitasa cha mdomo, tia pini, halafu inua mdomo kwa jeki mpaka nyuma ya pikapu ipande kidogo. Mdomo ukichomoka hapo, shukuru.

Cheni mbili zipishane chini ya mdomo ili ukianguka zikaudake. Zitoshe kona, zisiburuze lami, na zisifungwe kwenye bampa.

Jaribu taa zote. Ukiwasha indiketa na taa nyingine zikapepesa hafifu, tatizo huwa ni waya wa ethi (unaorudisha umeme kupitia chasisi), kwa kawaida mweupe. Piga msasa pale ulipofungwa kwenye chasisi.

Hatua ya 4: Matairi na beringi

Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Tela lililokaa tangu mavuno huwa na tairi lenye nyufa ubavuni; badilisha. Baada ya kilomita 50 simama, kaza nati upya, na gusa katikati ya gurudumu kwa mgongo wa mkono. Joto la kawaida ni sawa. Usipoweza kuuacha mkono hapo, beringi imekosa grisi au imekazwa mno.

Hatua ya 5: Barabarani

Basi likikupita kwa kasi, au upepo wa kiangazi ukikupiga ubavu, tela linaweza kuanza kuyumba. Achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze kasi kwa kudhani utalinyoosha. Kabla ya mteremko wa Nyang'oro au Sekenke, shusha gia ukiwa bado juu. Usisubiri breki zianze kunuka.

Kurudi nyuma, shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unaenda kushoto. Polepole.

Shambani, kinga magurudumu kwa mawe kabla ya kugusa kitasa. Na usitenganishe tela wakati umeshusha madumu ya mbele tu: mdomo utaruka juu na kukupiga kidevuni.