Jinsi ya Kuomba Viza ya Japani kwa Safari ya Visiwa vya Ryukyu

Visiwa vya Ryukyu vimejipanga kama shanga kwa zaidi ya kilomita 1,000, kuanzia kusini mwa kisiwa cha Kyushu hadi karibu na Taiwan, katika ukanda wa nusutropiki wenye mikoko, matumbawe na misitu isiyopukutisha majani. Visiwa hivi vilikuwa na ufalme wao tangu 1429 hadi Serikali ya Japani ilipoufuta mwaka 1879 na kuunda mkoa wa Okinawa. Vile vya kaskazini, yaani Amami na jirani zake, vilikwisha kutwaliwa na watawala wa Satsuma, jimbo la kusini mwa Kyushu, baada ya uvamizi wa 1609, na hadi leo vimo katika mkoa wa Kagoshima. Kwa mwombaji, historia hiyo ina maana moja ya kiutendaji: hakuna viza ya Okinawa wala ya Amami. Unaomba viza ya Japani, kisha katika nyaraka zako unaeleza kwa nini safari yako haiishii Tokyo wala Kyoto, bali inaelekea visiwani. Maelezo hayo yakiandikwa vizuri, ombi husomeka kwa urahisi. Yakiandikwa ovyo, hata mtu mwenye fedha za kutosha hujikuta akiitwa kutoa ufafanuzi.

Aina ya viza na mahali pa kuomba

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza kabla ya kusafiri. Inayowafaa watalii ni viza ya ukaaji wa muda mfupi, ambayo hutolewa kwa siku 15, 30 au 90 na hairuhusu kazi ya malipo. Utalii, kutembelea ndugu, mapumziko na michezo isiyo ya kulipwa vyote vimo ndani yake. Nalitaja hili la michezo kwa sababu karate ilizaliwa katika visiwa hivi, na wapo wanafunzi wa karate wa Afrika Mashariki wanaotamani kufanya mazoezi kwa wiki mbili au tatu huko Naha, mji mkuu wa Okinawa. Wao pia huomba viza hii hii, ila kama chuo cha karate ndicho kinachokualika au kukugharamia, ombi lako halihesabiwi tena kuwa la mtalii anayejitegemea, na utahitaji barua ya mwaliko na, pale mwenyeji anapobeba gharama, barua ya dhamana pamoja na ushahidi wa kipato chake. Amua mapema wewe ni nani kati ya hao wawili, wala usichanganye nyaraka za njia zote mbili.

Ombi hupelekwa katika ubalozi wa Japani unaohudumia mahali unapoishi kihalali, si lazima nchi uliyozaliwa. Anayeishi Tanzania huomba Dar es Salaam, na anayeishi Kenya huomba Nairobi. Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi Oman huomba Muscat akiambatanisha nakala ya kibali hicho. Wale wanaoishi Uingereza, Marekani, Kanada, Saudia au Falme za Kiarabu waangalie kwanza kama wanaweza kutumia mfumo wa viza ya kielektroniki uliofunguliwa kwa wakazi wa baadhi ya nchi. Viza hiyo huonyeshwa moja kwa moja kwenye simu yenye intaneti unapokuwa uwanja wa ndege. Nakala iliyochapishwa au picha ya skrini haikubaliwi.

Wakati wa kuomba

Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tangu siku ilipotolewa na haiongezwi muda, kwa hiyo kuomba mapema mno kuna hasara yake. Ombi lisilo na dosari kwa kawaida hushughulikiwa katika siku tano za kazi baada ya kupokelewa, lakini likipelekwa Tokyo kwa uchunguzi zaidi linaweza kuchukua zaidi ya mwezi. Ushauri wangu ni kuwasilisha nyaraka wiki sita hadi nane kabla ya kusafiri, na kuchagua msimu kabla ya kuchagua tarehe. Mvua za masika ya huko huanguka kuanzia Mei hadi Juni, na vimbunga huwa vingi zaidi Agosti na Septemba. Kimbunga kimoja kinaweza kusimamisha ndege na boti zote kwa siku kadhaa. Machi, Aprili na Novemba ni miezi mitulivu kuliko hiyo.

Nyaraka

Msingi wake ni pasipoti yenye kurasa tupu, fomu ya maombi iliyojazwa kikamilifu na kutiwa saini ile ile iliyo kwenye pasipoti, picha ya karibuni isiyozidi miezi sita yenye mandhari meupe, uthibitisho wa nafasi uliyoshika kwenye ndege ya kwenda na kurudi, ratiba ya safari, taarifa ya benki, na uthibitisho wa kazi. Mwajiriwa alete barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, tarehe alizopewa likizo na kwamba anatarajiwa kurudi kazini. Mfanyabiashara alete leseni ya biashara, cheti cha usajili na namba ya mlipakodi. Mwanafunzi alete barua ya chuo pamoja na nyaraka za mzazi au mlezi anayemgharamia, na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha uhusiano wao. Nyaraka zilizoandikwa kwa Kiswahili, kama vile barua ya serikali ya mtaa, ziambatane na tafsiri ya Kiingereza. Kwa kuwa kila ubalozi una orodha yake na unaweza kudai zaidi, chukua orodha ya ubalozi wako wiki ile ile unayoanza kujiandaa.

Kosa linalowasumbua wengi wa kwetu ni majina. Pasipoti ina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, barua ya mwajiri imeanza na jina la ukoo, na tikiti imekosewa herufi moja. Ofisa anayepokea nyaraka hana namna ya kujua kwamba hao wote ni mtu mmoja. Sawazisha majina kabla ya jambo lingine lolote, na pale isipowezekana, ambatanisha kiapo kinachoeleza tofauti hiyo.

Kuhusu fedha, kinachotazamwa ni mwenendo wa akaunti zaidi ya salio la siku ya mwisho. Mshahara unaoingia kila mwezi na matumizi ya kawaida husema mengi kuliko kitita kilichowekwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba. Kama kweli umeuza kiwanja au umepokea mchango wa familia, ambatanisha ushahidi na barua fupi ya maelezo. Taarifa ya fedha za simu inaweza kuongezwa, lakini isichukue nafasi ya taarifa ya benki. Tena, usilipie tikiti isiyorudishwa fedha kabla ya kupata viza.

Ratiba ya safari

Hapa ndipo safari ya visiwani inapotofautiana na safari nyingine za Japani. Fomu ya ratiba ina safu za tarehe, shughuli, mawasiliano na malazi, na kila usiku lazima uwe na mahali pa kulala panapojulikana kwa jina, anwani na namba ya simu. Mtu anayekaa hoteli moja Tokyo hujaza mistari michache; anayehama kutoka kisiwa hadi kisiwa lazima aonyeshe pia anavuka kwa chombo gani. Usiandike tu “kutembelea visiwa” kwa siku kumi.

Kwa mfano, siku mbili za kwanza zinaweza kuwa Naha: ngome ya Shuri, makao ya wafalme wa Ryukyu, iliyoangamia katika vita mwaka 1945, ikajengwa upya, kisha kumbi zake kuu zikateketea tena kwa moto tarehe 31 Oktoba 2019 na kuanza kujengwa tena; kaburi la kifalme la Tamaudun; na bustani ya Shikinaen. Maeneo hayo ni sehemu ya mabaki ya ufalme yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Msomaji aliyewahi kutembea Kilwa Kisiwani atasimama kimya kidogo mbele ya kuta za ngome za Ryukyu, kwa kuwa nazo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na watu waliopata utajiri wao baharini, na vipande vya kauri za Kichina vimefukuliwa Kilwa na Ryukyu pia. Siku ya tatu iende kusini mwa kisiwa, kwenye msitu mtakatifu wa Sefa-utaki, ambao hufungwa siku chache mara mbili kwa mwaka kwa kufuata kalenda ya mwezi, hivyo hakikisha tarehe zako hazigongani na siku hizo. Na Mabuni, ambako majina zaidi ya 240,000 ya waliokufa katika Mapigano ya Okinawa ya 1945 yamechongwa kwenye mawe, wenyeji pamoja na askari wa pande zote.

Siku mbili zinazofuata ziwe Yanbaru, msitu wa kaskazini anakoishi ndege asiyeruka aitwaye Yanbaru kuina, ambaye wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 1981. Kisha panda ndege ya ndani kutoka Naha hadi kisiwa cha Ishigaki, mwendo wa saa moja hivi, na kutoka hapo uvuke kwa boti ya mwendo kasi hadi kisiwa cha Iriomote. Boti za bandari ya Uehara, iliyoko Iriomote, hufutwa mara kwa mara kipindi cha baridi kwa sababu ya upepo wa kaskazini, na kwa hiyo ni busara kuacha siku moja wazi kati ya kurudi Ishigaki na ndege yako ya kimataifa. Siku hiyo iandike kwenye ratiba kama siku ya akiba mjini Naha, pamoja na hoteli yake.

Tarehe za ratiba zifanane na za tikiti, za likizo na za fomu. Kama likizo yako ni siku 14 nawe umeandika safari ya siku 16, nyaraka zako zenyewe ndizo zitakazokukanusha.

Dirishani na baada ya hapo

Panga miadi kama ubalozi wako unadai hivyo, ufike mwenyewe ukiwa na nyaraka halisi na nakala zake, na ujibu maswali kwa ufupi na ukweli. Ada hulipwa viza inapotolewa. Ombi likikataliwa hulipi. Ubalozi hautoi sababu za kukataa, na kwa kawaida haupokei ombi jingine la madhumuni yale yale hadi ipite miezi sita. Kwa ajili hiyo nawasihi waombaji wasiwasilishe nyaraka nusunusu kwa matumaini ya kurekebisha baadaye, na wajihadhari na mawakala wanaojidai kuwa na mtu ndani. Hati ya kughushi haiharibu safari moja tu. Kumbukumbu yake hubaki.

Viza ikishatoka, angalia jina, namba ya pasipoti na idadi ya siku kabla hujaondoka dirishani.

Ruhusa za visiwani

Wengi hudhani viza ndiyo ruhusa ya mwisho. Mwaka 2021 kisiwa cha Amami-Oshima, Tokunoshima, kaskazini mwa Okinawa na Iriomote viliingizwa katika Urithi wa Dunia kwa sababu ya viumbe wasiopatikana pengine popote, na wenyeji wameweka taratibu zao za kuvilinda. Paka-mwitu wa Iriomote wanakadiriwa kuwa takribani 100 tu, na wengine huuawa na magari barabarani. Mji wa Taketomi, unaosimamia kisiwa hicho, umeweka kikomo cha wageni kwa siku katika baadhi ya maeneo, likiwemo bonde la mto Hinai lenye maporomoko ya Pinaisara. Kuingia humo huhitaji idhini iliyoombwa kabla, pamoja na mwongozaji anayetambuliwa na mji. Njia rahisi ni kuweka nafasi kwa mwongozaji mwenye leseni, ambaye atakushughulikia ombi hilo. Amami nako, barabara ya Santaro ambako sungura weusi wa kisiwa hicho huonekana usiku hupitwa kwa kuweka nafasi mapema, na msitu wa Kinsakubaru hutembelewa pamoja na mwongozaji aliyethibitishwa. Uthibitisho wa nafasi hizi ukiambatanishwa na ombi la viza, huipa ratiba yako uzito wa kweli.

Anayetaka kuendesha gari ajue kwamba Japani hutambua kibali cha kimataifa cha udereva kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 pekee. Kile cha Mkataba wa Vienna wa 1968 hakikubaliki. Magari hupita kushoto, kama Tanzania na Kenya.

Kuingia na kutoka

Kabla ya kusafiri jaza taarifa za uhamiaji na forodha katika mfumo wa mtandaoni wa Serikali ya Japani. Uwanjani utachukuliwa alama za vidole na picha, na ofisa wa uhamiaji ndiye atakayeamua kukuruhusu kuingia, kwa hiyo beba nakala za ratiba na malazi mkononi, si ndani ya mzigo. Usibebe nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa. Dawa za daktari zinazozidi matumizi ya mwezi mmoja huhitaji cheti cha kuingizia dawa kinachoombwa kabla, na baadhi ya dawa za mafua zinazouzwa madukani kwetu zina viambato vilivyopigwa marufuku huko. Ukiwa nchini, sheria inakutaka uwe na pasipoti yako muda wote.

Kuna sharti moja la mwisho ambalo huwashangaza hata Wajapani wa bara. Viazi vitamu vibichi, pamoja na miche na majani yake, haviruhusiwi kutolewa Okinawa wala Amami kwenda sehemu nyingine za Japani, kwa kuwa visiwa hivyo vina fukusi wa viazi wanaozuiwa wasienee bara. Viazi vya zambarau vya Okinawa ni vitamu kweli, na sokoni Naha utatamani kubeba kilo mbili. Nunua vilivyopikwa au maandazi yake. Vibichi vitazuiwa uwanjani.