Mkojo unasumbua miaka baada ya mionzi ya tezi dume: nini cha kufanya, na upasuaji upi wa kukubali

Mzee alimaliza mionzi ya kansa ya tezi dume, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikashuka, nyumba nzima ikashukuru Mungu, halafu miaka miwili, mitano au hata kumi baadaye mkojo unaanza visa. Unatoka kwa kukamua, au unatoka na damu, au hauzuiliki kabisa mpaka anaishi na pampasi. Wengi wanasema kansa imerudi, wengine wanasema ni UTI tu na wananunua antibayotiki duka la dawa wiki baada ya wiki. Kansa inaweza kuwa imerudi kweli ndo maana lazima apimwe, ila mara nyingi kinachosumbua ni madhara ya mionzi yenyewe.

Mionzi inaua kansa lakini inaumiza pia mishipa midogo ya damu ya kibofu na njia ya mkojo. Mishipa hiyo inaziba taratibu, nyama inakosa damu, inakakamaa na kuwa kovu, na kwa sababu inaenda taratibu ndo maana shida inachelewa hivyo. Jambo la kushika ni kwamba nyama iliyopigwa mionzi haiponi kama nyama nyingine, ukiikata au ukiichoma inaweza kugoma kufunga. Ushauri wangu wote hapa chini unatoka hapo.

Anza na karatasi. Rudini pale alipotibiwa, iwe Ocean Road, Bugando au kwingine, muombe muhtasari wa matibabu unaoonyesha mwaka, dozi kwa Gray (Gy, kipimo cha mionzi) na idadi ya vikao (kwa mfano 60 Gy kwa vikao 20, au 78 Gy kwa vikao 39), kama mionzi ilitoka nje kwa mashine au aliwekewa chanzo cha mionzi ndani ya tezi, na kama aliwahi kukwanguliwa au kutolewa tezi kabla. Piga picha kwenye simu. Kila anayemshika mzee, daktari, nesi, mpaka anayekuja kuweka mpira wa mkojo usiku wa manane, aambiwe kwanza kwamba huyu alipigwa mionzi. Msisubiri kuulizwa.

Vipimo vya kuomba ni kuotesha mkojo maabara kutafuta vijidudu kabla ya antibayotiki, kreatinini (damu ya kuangalia figo), PSA, ultrasaundi ya figo na ya kibofu baada ya kukojoa, kisha kamera ya kuingia kibofuni. Kama kuna damu kamera isikosekane, kwa sababu mionzi ikishapita miaka inaweza yenyewe kuleta kansa ya kibofu.

Sasa dharura, na hapa naomba msome taratibu. Mkojo ukiwa na mabonge ya damu halafu ukagoma kutoka, tumbo la chini likajaa na kuuma, nendeni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku. Anahitaji mpira mnene wenye njia tatu, mpira mwembamba wa kawaida unaziba na mabonge ndani ya muda mfupi. Kabla ya kufungulia maji, mabonge yatolewe kwanza kwa bomba kubwa la mililita 50, nesi anasukuma maji ya chumvi na kuvuta, anasukuma na kuvuta, mpaka bonge likome kutoka. Baada ya hapo ndo dripu kubwa za maji ya chumvi zinafunguliwa zipite kibofuni mfululizo, na wewe uliyekaa na mgonjwa kazi yako ni kuangalia mfuko, rangi itoke nyekundu nzito ije pinki. Ukiona maji yanaingia ila hayatoki na mzee analalamika tumbo linavimba, mwambie nesi afunge maji mara moja, maana kibofu kilichochoshwa na mionzi kinaweza kupasuka. Mwambieni daktari pia kama anatumia aspirini au warfarini, dawa zinazozuia damu kuganda, lakini msimkatize dawa wenyewe.

Damu isipokoma anaingia thieta, wanatoa mabonge kwa kamera na kuchoma kidogo kidogo mishipa inayovuja. Ikirudi rudi kuna tiba ya oksijeni ya presha ndani ya chemba, kwa kawaida vikao 30 mpaka 40 vya kama saa moja na nusu kila kimoja, na inasaidia wengi kwa sababu inaotesha mishipa mipya ya damu, ila chemba ni chache kwa hiyo muulize mapema kabla hali haijawa mbaya. Kuna kuosha kibofu kwa shabu, kuna kuziba mishipa inayopeleka damu kibofuni, kuna kuweka kibofuni formalini, dawa kali ambayo ni ya mwisho mwisho na lazima apewe usingizi. Vyote vikishindwa, mkojo unahamishiwa kwenye kipande cha utumbo utokee tumboni kwenye mfuko, na kibofu mara nyingi kinatolewa. Ni operesheni kubwa sana na mfuko unatisha, lakini mtu anayeongezewa damu kila mara anaweza kurudi kuishi, kwa hiyo msiikatae kabla ya kumsikiliza daktari mpaka mwisho.

Njia ikiziba kwa kovu, kitu cha kwanza mtakachopewa ni kutanuliwa au kukatwa kovu kwa ndani. Ni haraka na bei nafuu, tatizo linarudi, na kila ukilitanua linaacha kovu jingine. Msimamo wangu ni huu, mara ya kwanza sawa, ya pili jiulizeni, ya tatu ombeni rufaa kwa daktari bingwa wa mkojo anayefanya upasuaji wa kujenga njia upya. Huyo mara nyingi ataweka kwanza mpira wa mkojo unaopitia tumbo la chini kwa wiki kadhaa njia ipumzike, aone kovu limeishia wapi. Kovu fupi linakatwa na njia inaungwa, refu zaidi linapanuliwa kwa ngozi laini ya ndani ya shavu. Mdomo utauma siku chache, uji uliopoa na maziwa vinatosha. Mpira unakaa kama wiki tatu, na usitolewe kabla ya picha yenye dawa kuonyesha hakuna panapovuja. Muulizeni waziwazi hatari ya mkojo kuanza kuvuja baadaye, kwa sababu kovu la mionzi linapenda kukaa jirani na msuli unaobana mkojo. Swali hilo hilo ulizeni mtu akipendekeza kukwangua tezi iliyokwisha pigwa mionzi.

Kwa mkojo usiozuilika kuna kifaa cha kubana cha bandia. Mkanda unazunguka njia ya mkojo, kipampu kinakaa ndani ya mfuko wa korodani, na puto la maji linakaa tumboni, mzee akitaka kukojoa anaminya kipampu, mkanda unalegea, baada ya dakika chache unajibana wenyewe. Kinawashwa kama wiki sita baada ya operesheni. Ni ghali, na kwa aliyepigwa mionzi hatari ya mkanda kula njia ya mkojo au kupata maambukizi ni kubwa zaidi, kwa hiyo kovu litibiwe kwanza na litulie. Abebe kadi inayosema ana kifaa hicho, maana mtu akimwekea mpira bila kukizima anaweza kumharibu.

La mwisho ni mkojo kutokea njia ya haja kubwa, au hewa na kinyesi kutoka na mkojo. Hapo kuna tundu kati ya njia ya mkojo na njia ya haja kubwa, na kwa kawaida wanaanza kwa kuhamisha choo kitokee tumboni kwenye mfuko na kuweka mpira wa mkojo, miezi baadaye wanaziba kwa msuli wa paja wenye damu yake. Matundu mengine yanaanzia kwenye kinyama kilichochukuliwa ukuta wa mbele wa njia ya haja kubwa kwa sababu mtu aliona kidonda akataka kupima. Mzee akienda kupimwa utumbo kwa kamera, mwambieni anayepima, kabla mzee hajalala kitandani, kwamba alipigwa mionzi ya tezi dume, ukuta wa mbele asiuguse bila kuongea kwanza na daktari wake wa mkojo.